Magofu Yaliyo Njiani: Kuzunguka Pate kwa Baiskeli na Kuyatambua ya Kale

Mgeni akifika Lamu akauliza historia iko wapi, tunamnyooshea kidole: ngome ile pale sokoni, makavazi yale pale ufukoni, milango ya Mkomani, Msikiti wa Riyadha kule Langoni. Hatukosei. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ngome nayo, iliyokamilika 1821, imekuwa boma la askari, ikawa jela hadi 1984, na leo watu huingia kwa hiari yao kusoma na kutazama maonyesho.

Lakini sehemu kubwa ya historia ya kaunti hii haina kibao wala tiketi. Iko mashambani, chini ya mibuyu, nyuma ya vichaka vya mikoko, katikati ya mashamba ya tumbaku. Wakaazi huipita kila siku wakienda kukata kuni au kuangalia mbuzi.

Chombo kizuri cha kukutana nayo ni baiskeli. Boti hupita mbali na nchi kavu. Bodaboda hupita kasi, na aliyeketi nyuma kazi yake ni kufumba macho vumbi lisimwingie. Mwenda kwa miguu huona kila kitu, ila jua humkatiza kabla hajafika mji wa pili. Mwendesha baiskeli huenda taratibu kiasi cha kuona ukuta uliojificha kwenye kichaka, na akiuona, husimama palepale bila kumwomba dereva.

Makala haya yanahusu hasa Kisiwa cha Pate, katika Wadi ya Faza, Lamu Mashariki, kwa sababu hapo miji ya kale imekaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kuipitia kwa siku mbili bila kuchoka sana. Tutaeleza unavyoweza kuyatambua mabaki ya kale ukiyaona. Tutaeleza pia jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: kigae kikiokotwa na kupelekwa nyumbani, kinachopotea si kigae tu.

Kutoka Mtangawanda

Boti za kwenda Pate hutoka Lamu na kupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, Mkanda hauna huruma. Nahodha hungoja yajae, nawe utangoja pamoja naye. Hadi Mtangawanda ni kama saa mbili. Baiskeli hulazwa juu ya mizigo, kwa hiyo funga kamba mwenyewe, na mnyororo upake mafuta ukishuka, maana maji ya chumvi hayachelewi kuleta kutu.

Baiskeli ya tairi pana ndiyo ifaayo. Njia za kisiwani zina mchanga, na penye mchanga mwingi hata bingwa hushuka akasukuma. Beba tyubu ya akiba, pampu, maji ya kunywa ya kutosha na kitu cha kufunika kichwa. Ukienda wakati wa kusi, upepo utakusukuma mgongoni kutoka Pate hadi Siyu na Faza. Ukienda wakati wa kaskazi utakupiga usoni njia nzima, na hapo utaelewa kwa nini mabaharia wa zamani walipanga safari zao kwa majira.

Kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni mwendo wa takriban saa moja kwa miguu. Kwa baiskeli ni chini ya hapo. Mji wa leo uko kando ya mji wa jana. Ukiziacha nyumba zinazokaliwa, unaingia mara moja kwenye kuta zilizovunjika, matao yasiyoshika kitu, na vyumba visivyo na dari ambamo tumbaku imepandwa kwa mistari iliyonyooka.

Wageni wengi hushangazwa na hiyo tumbaku. Mkulima hashangai. Udongo wa ndani ya magofu ni mweusi na una rutuba kwa sababu ni jaa la karne nyingi: majivu ya jikoni, magamba ya chaza, mifupa ya samaki, chokaa iliyodondoka kutoka kwenye kuta. Watu waliishi hapo, wakatupa taka zao hapo, na taka hizo leo zinalisha shamba. Ukipita popote kisiwani ukaona ghafla udongo umebadilika kutoka mweupe wa mchanga kuwa mweusi wa majivu, punguza mwendo. Huenda unapita juu ya mji.

Pate ilitawaliwa na ukoo wa Nabahani, na katika karne ya 17 na ya 18 ilikuwa miongoni mwa miji yenye nguvu katika pwani hii. Siwa ya Pate, baragumu kubwa la pembe ya ndovu lililopulizwa kwenye shughuli kubwa za mji, sasa imehifadhiwa katika Makavazi ya Lamu, pamoja na siwa ya shaba ya Lamu. Mashairi nayo yalistawi: Utendi wa Tambuka, mojawapo ya tenzi za kale zaidi za Kiswahili zilizobaki katika maandishi, unahusishwa na Pate na mwaka 1728. Mji ulipodhoofika, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba yaliyoachwa na kutunga Al-Inkishafi. Anayelijua shairi hilo akaingia na baiskeli yake kati ya kuta hizi atajikuta anatazama alichokitazama mshairi, tofauti yake ikiwa ni tumbaku.

Pima chumba kimoja kwa hatua. Kisha kingine. Utaona upana unakaribiana: mita mbili na nusu, au tatu hivi. Sababu ni mkoko. Dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti, na boriti nzuri ya mkoko haiwi ndefu kupita hapo. Mwenye mali alirefusha chumba chake alivyotaka, lakini hakuweza kukipanua. Msitu wa kando ya bahari ndio uliopima nyumba za matajiri, na ukishalijua hilo, unaweza kutambua gofu la nyumba hata kama kilichobaki ni msingi tu unaochungulia ardhini.

Kusoma ardhi

Kati ya Pate na Siyu kuna kama kilomita nane. Hapa hakuna gofu kubwa la kukuita, kwa hiyo ndipo pazuri pa kujifunza kutazama.

Anza na mbuyu. Si kila mbuyu una mji chini yake, lakini mara nyingi palipo na mibuyu mikubwa kadhaa karibu na pwani, watu waliwahi kukaa. Tazama pia visima. Kisima cha zamani kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukipitisha kidole kwenye ukingo wake utahisi mifereji. Hiyo ni alama ya kamba: vizazi na vizazi vya kina mama na watumishi wakivuta ndoo, kamba ikila jiwe kidogo kidogo. Kisima chenye mifereji mirefu kimenywesha watu wengi kwa muda mrefu.

Makaburi nayo ni dira. Kutoka Lamu, kibla iko kaskazini, ikielemea magharibi kwa kiasi kidogo sana. Mihrabu ya msikiti hutazama huko, na kaburi la Mwislamu hulazwa mashariki kwa magharibi ili maiti aelekee kibla. Ukipotea njia ukakuta gofu la msikiti, mihrabu itakuonyesha kaskazini bila simu.

Halafu kuna vigae. Baada ya mvua huonekana vimetapakaa njiani, vikimetameta kidogo. Vingi ni vya vyungu vya kienyeji, vyekundu au vyeusi, visivyo na mng'aro, na watu huvipita wakitafuta vya rangi. Hilo ni kosa. Chungu cha kienyeji kilichochorwa pembetatu kuzunguka shingo ni cha karne ya 7 hadi ya 10, na ndicho kinachotuambia kwamba waliojenga miji hii mwanzo walikuwa watu wa hapa, waliofinyanga vyungu vya aina moja na ndugu zao wa bara na wa pwani nzima. Katika miji ya kale ya pwani yetu vyombo vya nje huwa sehemu ndogo tu ya vigae vyote.

Hivyo vya nje navyo vina habari zake. Kigae kizito chenye rangi kati ya buluu na kijani kilitoka Ghuba ya Uajemi, na kikionekana pekee bila vingine huashiria mji wa mapema, kabla ya mwaka 1000 au karibu na hapo. Kigae chenye michirizi iliyokwanguliwa chini ya mng'aro ni cha baadaye kidogo. Cha rangi ya zeituni, kigumu, kilicholia ukikigonga, ni cha Uchina, mara nyingi karne ya 13 hadi ya 15. Maua ya buluu juu ya weupe ni Uchina pia, lakini ya baadaye zaidi. Na bakuli la maua mekundu na kijani lililochapwa, ambalo wengi hudhani ni la kale sana kwa uzuri wake, huenda lilitengenezwa Uholanzi katika karne ya 19. Viwanda vya Maastricht viliuza vyombo vingi pwani hii.

Kwa hiyo mtu anayeendesha baiskeli polepole, akitazama chini, anaweza kukisia umri wa mahali bila kuchimba hata shimo moja. Neno lenye uzito katika sentensi hiyo ni "mahali". Kigae kinasema umri wa mahali kilipo.

Shanga, na kwa nini tabaka ni kitabu

Kutoka Siyu hadi magofu ya Shanga ni takriban saa moja kwa miguu, kuelekea upande wa bahari kuu. Njia ni ya mchanga na vichaka, na baiskeli utaisukuma zaidi ya utakavyoipanda. Mchukue mwenyeji wa Siyu akuongoze. Njia hubadilika, na ukoo wa Washanga ulio Siyu unalihesabu eneo hilo kuwa kwao.

Shanga ina kuta za mji, milango, nyumba nyingi za mawe, misikiti, na uwanja wa makaburi wenye mamia ya makaburi ya mawe, pamoja na kaburi la mnara. Makaburi ya mnara ni ya pwani ya Waswahili, huyakuti Uarabuni. Kwenye baadhi yake mafundi walipachika mabakuli ya Kichina, yakamulika juani. Leo mengi yamebaki matundu tu ya mviringo, kila moja na kipimo cha bakuli lililong'olewa.

Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alichimba Shanga. Chini ya sakafu ya Msikiti wa Ijumaa alikuta msikiti mwingine wa kale zaidi, na chini yake mwingine, na mwingine tena, hadi akafika kwenye alama za nguzo za miti za jengo dogo ambalo lingetosha watu wachache tu. Lile dogo ni la karne ya 8. Maana yake ni kwamba Uislamu ulikuwa umeshafika Pate, kwa jamaa ndogo ya waumini, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na watu waliendelea kujenga pale pale, wakikuza msikiti kadiri mji ulivyokua, hadi Shanga ilipoachwa mnamo mwaka 1425.

Hayo yote yalijulikanaje? Hakukuwa na maandishi yaliyosema hivyo. Yalijulikana kwa sababu kila kigae, kila sarafu na kila alama ya nguzo vilikutwa mahali pake, tabaka juu ya tabaka, cha chini kikiwa cha kale kuliko cha juu. Kama watu wangekuwa wamechimba mashimo hapo kutafuta mali, matabaka yangechanganyika, na msikiti wa miti ungekuwa udongo tu.

Mfano mwingine uko ng'ambo, Manda. Mwaka 2013 watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walipata huko sarafu ndogo ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, iliyotolewa wakati wa mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Habari zilienea duniani, na wengine wakarukia kusema kwamba hiyo ni hakika ya merikebu za Kichina kutia nanga Manda. Sarafu peke yake haitoshi kusema hivyo, kwani fedha husafiri kupitia mikono mingi, na ingeweza kufika kwa wafanyabiashara wa India au wa Ghuba. Lakini kwa kuwa ilikutwa mahali panapojulikana, wataalamu wana jambo la kujadiliana. Ingekutwa kwenye mfuko wa mtu, ungekuwa mwisho wa mazungumzo.

Kopo la maziwa

Tuliporudi Siyu jioni, mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani alituita.

"Asalamu alaikum, mzee."

"Waalaikumu salamu, wanangu. Baiskeli hizo mmezitoa wapi, mkazileta mchangani?"

Tulimweleza tulikotoka. Akacheka, akamtuma mjukuu wake ndani. Mtoto alitoka na kopo la maziwa ya unga, kuukuu, kifuniko chake kimefungwa kwa uzi. Ndani vigae vilijaa hadi juu: vya zeituni, vya buluu, kimoja chenye samaki wawili waliochorwa chini ya mng'aro. Vilikusanywa na marehemu baba yake, shambani, kwa miaka mingi.

"Ni vya shamba gani, mzee?"

"Baba alikuwa na mashamba matatu," akasema. "Moja upande wa Shanga, moja njia ya Pate, na moja sijui aliliuza lini. Vyote alivitia humu."

Mzee hakufanya ubaya wowote. Baba yake alipenda vitu vizuri na akavihifadhi vizuri kuliko wengi wetu tunavyohifadhi stakabadhi zetu. Hata hivyo lile kopo, ambalo lingeweza kutuonyesha mji wa tatu kati ya Siyu na Pate, sasa linaonyesha tu kwamba Wachina walitengeneza mabakuli mazuri, jambo ambalo tulishalijua.

Alituambia pia kwa nini hakuwahi kulipeleka popote: aliogopa kuambiwa ameiba, au shamba kuchukuliwa. Hofu hiyo tumeisikia kwa wengi, kwa hiyo inafaa kuelezwa wazi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka mtu yeyote aliyegundua jengo au kitu cha kale atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na namna alivyokipata. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni hakuruhusiwi, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Kutoa taarifa hakuhamishi umiliki wa shamba. Eneo likitakiwa kutangazwa kuwa turathi inayolindwa, hiyo ni hatua nyingine, inayopitia Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana nafasi ya kuliwasilisha. Chini ya Katiba ya 2010, majumba ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na makavazi na shughuli za utamaduni za kaunti ni jukumu la Serikali ya Kaunti. Mwananchi hana haja ya kugawanya kazi hiyo mwenyewe. Anza na ofisi za Makavazi mjini Lamu, au kama uko mbali, mwambie chifu wako.

Ukikuta kitu njiani, kiache. Piga picha kikiwa palepale, weka ufunguo au kofia kando yake ili ukubwa ujulikane, kisha piga picha ya pili ukirudi nyuma ili mbuyu, kisima au kona ya ukuta ionekane. Simu nyingi siku hizi huhifadhi mahali picha ilipopigwa. Hakikisha sehemu hiyo imewashwa. Kama ni mifupa ya binadamu, funika kwa mchanga ulioufunua na utoe taarifa. Waliozikwa wana heshima yao, na mifupa nayo ina elimu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulitumia mifupa ya kale ya miji kadhaa ya pwani, ikiwemo Manda na Faza, ukaonyesha kwamba wazee wetu walikuwa na asili ya Kiafrika na ya Kiasia kwa pamoja, wake zaidi wakiwa wa huku na waume wengi wakitoka Uajemi.

Anayechimba msingi wa nyumba, kisima au choo ndiye mgunduzi mkubwa zaidi katika kaunti hii, kuliko mwendesha baiskeli yeyote. Fundi akikuta sakafu ya chokaa au ukuta chini ya ardhi, asimame kwanza apige simu. Na mawe ya magofu yasivunjwe kwa ujenzi wala kutiwa kwenye tanuri la chokaa. Tunajua jiwe lililochongwa tayari ni rahisi kuliko kuchimba jipya, na miji yetu yote ilijengwa kwa kuokota mawe ya miji iliyotangulia. Lakini zamani magofu yalikuwa mengi.

Siyu na Faza

Siyu yenyewe inastahili nusu siku. Ngome yake imesimama mbele ya hori la mikoko na ilikuwa kiini cha upinzani wa mji dhidi ya masultani wa Zanzibar. Chini ya Bwana Mataka, Siyu ililishinda jeshi la Seyyid Said katikati ya miaka ya 1840, na haikutulizwa kabisa hadi miaka ya 1860. Mke wa Bwana Mataka ndiye Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858. Mji huo pia ulikuwa maarufu kwa wanazuoni, kwa mafundi wa mbao na ngozi, na kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono na kupambwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Waliobaki na vitabu hivyo majumbani wasiviweke karibu na mchwa na unyevu. Hilo ni ombi, si amri.

Mbele zaidi ni Faza. Mreno aliuangamiza mji huu mwaka 1587 kwa kulipiza kisasi baada ya miji ya pwani kumkaribisha Mturuki Ali Bey, na pamoja na watu aliangamiza hata minazi. Nje ya mji kuna kaburi la Amir Hamad, jemadari wa Zanzibar aliyeuawa katika vita vile vya Siyu. Kando ya hori, karibu na wavuvi, kuna gofu la Msikiti wa Kunjanja. Kilichobaki kwa kiasi kikubwa ni kifusi, lakini mihrabu yake iliyochongwa ni miongoni mwa kazi nzuri za mkono kisiwani. Simama kando, tazama, usiiguse: jiwe la matumbawe lililochongwa ni laini, na chumvi ya vidole haiongezi umri wake.

Kwa walio bara

Wakaazi wa Hindi, Mpeketoni na Witu huenda wameshatuuliza kwa nini tunasifu mchanga wa Pate wakati baiskeli nyingi za kaunti ziko kwao. Ni kweli, na historia ya Pate inaishia kwao. Wanabahani walioshindwa kukaa kisiwani walihamia bara, na Ahmed Simba akaweka makao yake Witu, ambako watumwa waliotoroka na watu waliokimbia Zanzibar walipata hifadhi. Mwaka 1885 alijiweka chini ya ulinzi wa Ujerumani kupitia Clemens Denhardt. Wajerumani wakafungua posta Lamu mwaka 1888, ambayo jengo lake tunalo hadi leo. Mwaka 1890 wakaikabidhi Witu kwa Waingereza katika mkataba wa Heligoland, bila kumwuliza aliyekuwa sultani, Fumo Bakari. Wajerumani kadhaa wakauawa Witu mwezi Septemba, na Oktoba Waingereza wakauchoma mji.

Mji wa miti na makuti ukichomwa hauachi kuta. Kwa sababu hiyo Witu inahitaji macho makali zaidi kuliko Pate: visima, mitaro, miembe iliyopandwa kwa mstari, na zaidi ya yote wazee wanaokumbuka majina ya mahali. Anayepita huko kwa baiskeli na daftari atafanya kazi kubwa kwa kuandika tu jina la kila kisima na aliyemwambia. Aende mchana, wawili au zaidi, na apite kwanza kwa chifu au kituo cha polisi kuulizia hali ya usalama ya njia.

Kuhusu Pate, miezi ya Agosti hadi Oktoba inafaa zaidi: matope ya masika yamekauka na kusi bado lina nguvu ya kukusukuma. Wakati wa maji ya bamvua panga siku zako kwa uangalifu, kwani boti za kurudi hufuata maji, si saa ya ukutani, na mtu aliyepata pancha njia ya Siyu hangojewi. Ulizia Mtangawanda jioni ya siku ya kabla.